Ibara Isiyo na Mwenyewe

"Mheshimiwa yuko kikaoni, Bi Khole," alisema Nawar, na Khole akajua kabla hajakaa kwamba kitafuata kikombe cha kahawa, kisahani cha tende na ahadi ya wiki ijayo.

"Yuko kikaoni na nani?"

"Na wajumbe wenzake, mama."

"Mbona gari lake silioni nje?"

Nawar akatabasamu. Alikuwa katibu wa mjumbe wa Baraza, bibi wa makamo mwenye adabu zake zote, na lile tabasamu lake lilikuwa zuri kweli, ila Khole alikuwa ameshaanza kulichukia. Hakumlaumu. Mtu akiajiriwa kuwa mlango, hana budi kujifunga.

Khole akanywa kahawa kwa hasira na tende hakuzigusa. Kando yake alikaa Stefania, mkoba mapajani, kiatu kimoja kimekanyaga kingine chini ya kiti. Stefania alikuwa mtu wa Machame, anafanya kazi ya kusuka na kuosha nywele katika saluni ya wanawake kule Hamriya, hapohapo Muscat, na kila alipokuja hapa alikuwa ameomba ruhusa kwa uongo. Safari hii alisema anang'oa jino.

"Mama Khole," alinong'ona, "labda tungemwachia ujumbe."

"Ujumbe tumeacha mpaka meza imejaa." Kisha Khole akapaza sauti, kwa Kiswahili, akiuelekea mlango wa ndani ili kama kuna mtu nyuma yake asikie vyema. "Huyu mheshimiwa nimemkogesha mimi! Kamasi zake nimezifuta kwa khanga yangu. Leo nnangoja wiki ijayo!"

Mlango haukujibu. Na lililomuudhi zaidi ni kwamba alikuwa anasema kweli: mheshimiwa Mutasim alikuwa mtoto wa dada yake, Masouda, wa tumbo moja.

Waliporudi garini, kiti kilikuwa cha moto hata abaya haikusaidia. Stefania akafunga mkanda, akatazama mbele, akasema taratibu, "Mama, mimi meno yataniisha."

Khole akacheka bila kutaka, halafu hasira ikamrudia yote.

Mambo yalianzia kwa Aika.

Aika alifika kufanya kazi za ndani nyumbani kwa Masouda, mtaani Hail, watoto wa Mutasim wakiwa bado wanatambaa. Masouda alitaka mtu wa kuzungumza naye Kiswahili jikoni, maana wajukuu walikuwa wanamjibu kwa Kiarabu na Kiingereza, na Aika alikuwa na Kiswahili cha kutosha nyumba nzima. Alikuwa Mlutheri wa kusali kweli. Asubuhi nyumba hiyo ilikuwa na sauti mbili: Masouda anasoma juzuu yake sebuleni, Aika anaimba nyimbo za kanisa huku anakanda unga. Siku yake ya mapumziko alikwenda kanisani Ruwi, na huko ndiko alikokutana na Stefania, wakajikuta vijiji vyao vinagawana mto mmoja.

Kisha Aika akaanza kukonda. Macho yakawa manjano. Khole, ambaye alikuwa amestaafu baada ya miaka mingi ya uuguzi katika wodi ya mahututi, alimtazama mara moja tu, akamwambia Masouda amwahishe hospitali, na yeye mwenyewe akawapeleka. Lilikuwa ini, na walikuwa wamechelewa.

Wakati wote Aika alipokuwa amelazwa, Khole alikwenda kila siku. Siku moja mgonjwa alimshika kidole, maana mkono mzima haukuwa na nguvu tena, akasema, "Mama Khole, niitie Stefania na mzee Zakayo. Waje waniimbie, waniombee. Nisiondoke kimya kimya kama mwizi."

Mzee Zakayo alikuwa dereva wa lori la maji, na kanisani ndiye aliyeongoza kwaya ya Watanzania. Walikuja siku ileile, Zakayo amevaa koti lake la Jumapili katika joto lile. Mlinzi wa wodi akawazuia. Ndugu wa damu tu, alisema. Na kama wamekuja kwa ajili ya dua, basi lazima wawe na kibali.

"Kibali cha nani?" aliuliza Khole.

"Cha wanaohusika."

"Wanaohusika ni nani?"

Mlinzi hakujua. Akaitwa msimamizi wa wodi, Lujain, ambaye Khole mwenyewe alimfundisha kutafuta mshipa alipokuwa mwanafunzi. Lujain alikuja ameinamisha macho. Alieleza kwamba kuna sheria mpya ya afya inakuja, bado ni mswada, lakini uongozi wa hospitali umeagiza watu waanze kuizoea.

"Sheria haijazaliwa na nyinyi mshaivalisha nguo?" alisema Khole.

"Sista Khole, mimi ni mtumishi tu."

"Na mimi mbona umeniingiza? Mimi na Aika damu yetu ni ipi?"

Lujain akazidi kuinama. "Wewe umeandikishwa upande wa mwajiri. Mwajiri anaruhusiwa."

Basi ndivyo ilivyokuwa. Mwajiri aingie, shoga yake abaki nje. Khole aligombana mpaka sauti ikamkauka, akapiga simu kwa kila mtu aliyemjua, na kila mtu alisikitika sana. Mwisho Stefania na Zakayo walikwenda kusimama kwenye maegesho ya magari, chini ya dirisha ambalo halikuwa hata la wodi ile, wakapiga simu. Khole akaiweka simu sikioni kwa Aika. Lujain aliiona, akageuka kupanga dawa ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Aika alisikiliza. Midomo yake ilikuwa inafuata maneno. Katikati ya ubeti simu ikakatika, mtandao ukagoma, na Khole akawa anabonyeza na kubonyeza. Ilipopatikana tena, Stefania akauliza, "Anasikia?" na Khole tayari alikuwa anamfumba Aika macho. Pale alipokuwa anahangaika na simu, mkono mwingine alikuwa ameuweka kifuani kwa Aika na alikuwa anasoma moyoni alichokijua yeye, Yasini, kwa sababu hakujua kingine na mtu hawezi kuachwa hivihivi.

Mama yake Aika alipiga kutoka Machame kabla maiti haijasafirishwa. Alikuwa na sauti ya mtu mzima aliyezoea kusema na watu wa mbali, kila neno kwa nguvu. Hakuuliza habari za hospitali wala dawa.

"Mwanangu aliombewa?"

"Nilikuwa naye mimi, mama," alisema Khole.

"Wewe ni mtu wa kanisani?"

"Hapana, mama. Mie Muislamu. Nilimuombea kwa namna nnayoijua."

Mama akasema, "Asante, mwanangu. Mungu akulipe." Akauliza tena, si kwa ubaya, "Lakini watu wake walikuwa wapi?"

Swali hilo Khole hakulala nalo tu, aliamka nalo, akapika nalo, akaswali nalo. Watu wake walikuwa wapi? Walikuwa kwenye maegesho.

Ndipo alipoutafuta ule mswada. Kumbe miswada ilikuwa miwili, wa afya na wa mambo ya dini, yote iko mbele ya Baraza. Wa afya ulikuwa mzuri, kusema haki: haki ya mgonjwa kupewa dawa ya maumivu, haki ya kuelezwa ugonjwa wake kwa lugha anayoifahamu, mambo ambayo Khole alikuwa ameyalilia tangu alipokuwa kazini. Lakini ilikuwemo ibara ya wageni wa mahututi: jamaa wa daraja la kwanza au mwajiri, basi. Na mwisho wake kisentensi kifupi: dua na ibada ndani ya hospitali zitafuata sheria ya mambo ya dini. Akaufungua mswada wa dini, jikoni, mafuta yanachemka motoni na samaki wanamngoja. Huko kulikuwa na kifungu kinachosema kwamba dua na ibada ndani ya hospitali zitafuata sheria ya afya.

Alisoma mara mbili. Mafuta yakaanza kutoa moshi.

"Lahaula," alisema.

Alikwenda kwa mheshimiwa Ghassan, aliyekuwa kwenye kamati inayoshughulikia mambo ya dini. Ghassan alimpokea kwa heshima, akamsikiliza kwa muda unaotosha kikombe kimoja, akamwambia kwamba hospitali ni afya, aende kwa Mutasim wa kamati ya afya. Akaenda kwa Mutasim, akapewa Nawar. Siku alizobahatika kumpata kwenye simu, Mutasim alimwambia kwamba ibada ni dini, aende kwa Ghassan. Khole alijiona kama kifurushi kisichokuwa na jina, kila posta inakisukuma kwa posta nyengine. Na kila aliyemweleza habari ile alikubaliana naye! Hilo ndilo lililomchosha roho. Laiti angepata hata mtu mmoja wa kumpinga, angalau angejua pa kusukuma.

Baada ya siku ya jino la Stefania, Khole aliamua kwamba kama ofisi haina mlango, nyumba ya dada yake inao.

Ijumaa baada ya sala alimkuta Mutasim kwa mama yake, kofia kapachika gotini, anakula wali kwa papa. Alipomuona Khole alitaka kuinuka, akakumbuka kwamba hana pa kwenda.

"Khalti," alisema, maana ndivyo alivyomwita mama yake mdogo tangu ajue kusema, "wallahi nilikuwa kikaoni."

"Na gari lilikuwa kikao gani? Cha kuoshwa?"

Masouda akacheka akajifunika mdomo na mtandio.

"Khalti, mimi nipo nawe. Nilimpenda Aika. Wanangu wamelelewa na mikono yake. Lakini ile ibara si yetu. Ikija kwetu tunairudisha kwa kamati ya dini."

"Na wao?"

"Wanairudisha kwetu."

"Na mgonjwa?"

Mutasim akalitazama tonge lake.

"Mgonjwa akafe wapi, mwanangu? Mswada wako unasema afuate wa Ghassan. Wa Ghassan unasema afuate wako. Basi akae barabarani, katikati, mpaka nyinyi mpatane?"

"Ndivyo miswada ilivyo. Iliandikwa na watu mbalimbali, katika nyakati mbalimbali..."

"Basi isomwe na watu wamoja kwa wakati mmoja! Mlete Ghassan hapa."

"Hapa?"

"Hapa. Kwenye mkeka huu."

Mutasim akamgeukia mama yake kutafuta msaada. Masouda alikuwa anamwongezea wali. "Mlete Ijumaa ijayo," alisema. "Nitapika pweza wa nazi."

"Mama, Ghassan hali pweza."

"Atakula atakachokikuta. Baba yake alikuwa na duka Kigoma, kala migebuka miaka chungu nzima, leo mwanawe asile pweza?"

Ghassan alikuja. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, kilemba chake kimefungwa bila kosa, na Kiswahili chake kilikuwa cha bara, cha baba yake, kimenyooka. Khole alikuwa amemchukua Stefania kutoka Hamriya kwa gari lake. Stefania alipofika alikwenda moja kwa moja jikoni, akaanza kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu, mpaka Masouda akamvuta kwa mkono. "Wewe ni mgeni leo. Kaa."

Walikula kwanza, kama inavyopasa. Ghassan kweli hakugusa pweza. Chakula kilipoondolewa, Khole akataka kuanza, lakini Ghassan akamtangulia.

"Bi Khole, najua ulichoniitia. Naomba nikwambie kwa nini ile ibara ipo, halafu unitukane." Akaweka kikombe chini. "Dada yangu alikuwa na sukari. Akalazwa. Akaja mtu mmoja, ameletwa na jirani kwa nia njema, akamsomea. Akamwambia sindano ndizo zinazomtia nguvu shetani wake. Dada yangu akawa anazikataa, na manesi wakigeuka, yule mtu anamtia moyo. Hatukujua. Tulijua alipokuwa hana fahamu tena." Akakisogeza kikombe pembeni. "Kwa hiyo mtu akiniambia fungua mlango, kila mwenye dua aingie, mimi mkono wangu haufiki kwenye kitasa."

Khole alikuwa amekuja na maneno yake yote yamepangwa kama vyombo kabatini, na sasa hakuona hata kimoja cha kutoa. Kwa sababu alikuwa amemuona mtu yule. Si yuleyule, lakini wa namna ile. Katika wodi yake mwenyewe aliwahi kumkuta mmoja amemvua mgonjwa barakoa ya oksijeni ili ampulizie maji ya dua vizuri, akamtoa nje kwa kumshika kanzu.

"Mwenyezi Mungu amrehemu," alisema. "Mtu yule mfunge. Weka kwenye sheria, anayegusa dawa, dripu au oksijeni, anayemwambia mgonjwa aache tiba, mfunge, na mie nitakuja kushangilia. Lakini Ghassan, yule mtu aliingia kwa sababu hakuna aliyemuuliza amekuja kufanya nini. Na sheria yenu pia haimuulizi mtu amekuja kufanya nini. Inamuuliza damu yake ni ya nani. Yule mtu angekuwa binamu, je?"

"Binamu si daraja la kwanza," alisema Mutasim.

"Wee nyamaza, unajua nnachokisema."

Hapo Stefania akakohoa. Alikuwa amekaa pembeni ya Masouda, khanga ya kuazima mabegani. "Waheshimiwa, naomba niseme."

"Sema, dada," alisema Ghassan.

Alikuwa amejiandaa, Khole alijua. Garini alikuwa anajirudiarudia maneno kama mtoto anayekwenda mtihani. Lakini aliyoyasema hayakuwa hayo. "Mimi nilisimama kwenye maegesho," alisema. "Niliimba. Jua kali, watu wanatoka na magari yao wananitazama kama kichaa, mmoja akanipigia honi nisogee. Nikasogea naimba. Mwenzangu anakufa, mimi nasogea." Sauti ikampanda. "Hatukuomba kujengewa kanisa hospitalini! Tuliomba kiti! Kiti kimoja pembeni ya kitanda! Mimi huku sina mama, sina dada, kila mwenzangu mnayemuona jikoni kwenu hana mama wala dada huku. Sasa tukiugua ndugu wa damu tumtoe wapi, tumwagize kwa ndege?"

Alipomaliza aliona haya, akajifuta uso kwa ile khanga. Mutasim alikuwa anatazama ukuta. Ghassan alitoa simu yake mfukoni. Khole akadhani anatazama saa, lakini alikuwa anaandika.

"Mgeni wa faraja," alisema Ghassan polepole, huku anaandika. "Kwa ombi la mgonjwa. Wa dini yoyote aliyonayo mgonjwa. Hagusi tiba wala haizungumzii. Muuguzi wa zamu ana mamlaka ya kumtoa." Akainua macho. "Muuguzi anaweza?"

"Muuguzi anaweza kumtoa hata waziri," alisema Khole.

"Na inakaa kwenye mswada wa nani?" aliuliza Mutasim.

Wakatazamana wale wawili, na kwa muda Khole aliogopa kwamba yote yanaanza upya.

"Wako," alisema Ghassan. "Mimi nafuta kile kifungu kwangu. Kabisa."

Masouda akaleta halwa.

Mtu angedhani ndiyo mwisho. Khole alidhani. Kumbe ndiyo kwanza ulianza msimu wa kusubiri. Kikao cha kwanza kiliahirishwa. Ikaingia Ramadhani, na katika Ramadhani nani atakusikiliza? Ikaingia Idi. Ghassan akasafiri kwa matibabu ya mgongo. Aliporudi, ibara ikapelekwa kwa wataalamu wa lugha ili waone kama neno "faraja" ni neno la kisheria. Ikakaa huko. Khole akampigia Mutasim, Mutasim akasema inshallah. Akampigia tena, inshallah. "Hiyo inshallah yako," alimwambia, "ni ya Mwenyezi Mungu au ya Nawar?" Watu wa lugha wakaiona "faraja" haina kosa, wakaikuta koma moja haipo mahali pake, ikarudi kwenye kamati kwa ajili ya koma.

Katikati ya hayo Khole alizeeka. Alikuwa anamkaripia muuza mboga. Alimkaripia mpaka paka wa jirani. Stefania alipopiga simu kuuliza kuna habari gani, Khole alijibu, "Koma," na akakata, halafu akampigia tena kuomba radhi.

Siku ibara ilipopita Barazani, Mutasim hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kwa mama yake, si Ijumaa, jioni ya siku ya kazi, kilemba kimelegea, na Khole alikuwepo kwa sababu siku hizo alikuwa karibu amehamia hapo.

"Imepita," alisema.

Masouda akapiga kigelegele. Khole akasema, "Isome."

"Khalti, imepita."

"Nimesikia. Isome."

Akasoma. Mgeni wa faraja alikuwemo. Dini yoyote ilikuwemo. Muuguzi wa zamu alikuwemo, na mamlaka yake. Kile kifungu cha Ghassan kilikuwa kimefutwa, hapana tena huku kukwambia nenda kule. Na baada ya maneno "kwa ombi la mgonjwa" kulikuwa na maneno mawili ambayo hayakuandikwa kwenye mkeka ule: kwa maandishi.

"Kwa maandishi?"

"Walitaka uthibitisho. Kulikuwa na waliosema mtu yeyote atadai ameombwa."

"Mutasim. Aika alikuwa ananishika kidole kimoja. Kijiko kilikuwa kinamshinda. Angeandika na nini?"

"Najua."

"Unajua na umekubali?"

Hapo Mutasim akashindwa kujizuia. "Nimekubali kwa sababu waliokuwa upande wetu ni mimi na Ghassan na wengine wa kuhesabika, khalti! Kuna mtu alisimama akaniuliza mbele ya wote kama mimi ni mjumbe wa Muscat au wa Moshi. Ghassan aliwaeleza habari ya dada yake, hajawahi kuisema mbele ya watu, na mmoja akamwambia, basi wewe ndiye ungepaswa kutupinga. Tulikaa mpaka wakachoka. Hayo maneno mawili ndiyo bei. Ningekataa, ibara nzima ingeanguka, na Stefania angebaki kwenye maegesho yake. Ningefanya nini?"

Khole akamtazama. Macho yake yalikuwa mekundu, na juu ya kiuno kanzu ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyelala kitini. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akimkogesha na yeye akipiga kelele kwa sabuni ya machoni. Alitaka kumpa pole, na neno lililomtoka kwanza likawa, "Kaa ule."

Akampakulia yeye mwenyewe. Akampigia Stefania, na Stefania huko saluni alipiga ukelele mpaka Masouda akausikia kutoka upande wa pili wa chumba. "Tutaandika, Mama Khole!" alikuwa anasema. "Kila mtu kanisani ataandika mapema, akiwa mzima, tunatembea nayo! Mzee Zakayo atafurahi!" Hakuwa na kinyongo hata chembe. Khole alimsikiliza, akaona ni kweli, wengine wataandika mapema. Na wale wasiokwenda kanisani wala msikitini, wasiojua kuandika, waliofungiwa ndani, walioanguka ghafla? Hao nani atawaandikia? Lakini hakumwambia. Mtu akishangilia mwache ashangilie.

Aliweka simu chini, akarudi mkekani.

"Sasa inakwenda wapi?" alimuuliza Mutasim.

"Baraza la juu. Wao wanaweza kurekebisha maneno, wakitaka." Aliongea na mdomo umejaa. "Huko kuna Balqees, yule daktari. Ana sauti. Lakini khalti, nakuomba. Yule mama ana shughuli nyingi, hapatikani hata na sisi wajumbe."

"Ana mama?"

"Nani?"

"Balqees. Mama yake yuko hai? Anakaa wapi?"

Mutasim akaacha kutafuna.

"Kwao si Sidab?" alidakia Masouda kutoka jikoni. "Mama yake namjua mie, tulihiji kundi moja. Kazeeka, lakini anapokea wageni."

"Lahaula," alisema Mutasim, akaweka kijiko chini na kujifunika uso kwa mikono miwili, huku Khole ameshainuka anatafuta abaya yake.